Kupanda Sumbawanga: safari ya mtu wa Mpanda kwenye mji wa juu

Mama aliyekaa kiti cha pembeni yangu alipandia Mpanda na kapu la migebuka mikavu, na tangu tutoke stendi alikuwa amesinzia. Basi lilipoanza kupanda, dereva akarudisha gia na injini ikanguruma kwa uzito. Mama akafumbua macho, akafungua mkoba, akatoa sweta zito la rangi ya damu ya mzee, akalivaa juu ya gauni. Kisha akanitazama nilivyokaa na shati la mikono mifupi.

"Mwanangu, sweta huna?"

"Sina, mama."

"Basi funga hilo dirisha. Tumeshaingia Ufipa."

Nikafunga. Muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa kwenye tambarare ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, jua likichoma na ndorobo wakigonga vioo. Sasa hewa iliyopenya kwenye ufa wa dirisha ilikuwa ya baridi. Nje, miombo ilizidi kupungua na miti kufupika, mpaka zikabaki nyasi, mashamba na anga. Mpanda iko takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga, tulikokuwa tunakwenda, iko karibu mita 1,800. Tofauti ni mita 700 tu, lakini inatosha kubadili mavazi, mazao, nyumba na hata mwendo wa watu barabarani.

Walimwengu husafiri mbali kuiona miji ya milimani yenye historia. Huvuka bahari kwenda Cusco, mji wa kale wa Wainka huko Peru, ulio kwenye mwinuko wa mita 3,400 hivi. Huenda Addis Ababa, mji ulioanzishwa mwaka 1886 zama za Menelik, ulio juu ya mita 2,300. Sisi wa Katavi tunao mji wetu wa juu umbali wa kilomita 240 hivi, kwa barabara ya lami, na kwa miaka 38 ndio uliokuwa makao makuu ya mkoa wetu. Tuliupanda kufuata mihuri na sahihi, tukashuka. Wachache tuliupanda kuutazama. Safari hii niliifanya kwa sababu hiyo moja: kuutazama.

Njia ya chini: reli, mto na mkwaju

Ili uuelewe mji wa juu, anza na ulikotoka. Mpanda ni mji uliokua kwa madini. Mgodi wa risasi wa Mukwamba ndio ulioleta tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 kupita Ugalla, na reli hiyo ikaufunga mji wetu na Tabora. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Ndiyo maana wazee wa Mpanda, ukiwauliza mji mkubwa wa ujana wao, wengi watakutajia Tabora. Kiutawala nako tulikuwa watu wa Tabora, mpaka mwaka 1974 Serikali ilipoichukua wilaya ya Mpanda, ikaiunganisha na Ufipa iliyokuwa upande wa Mbeya, ukazaliwa Mkoa wa Rukwa. Makao makuu yakawekwa Sumbawanga.

Kuanzia hapo tukageuza nyuso kutoka kaskazini kwenda kusini. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipotuaga kwamba anakwenda mkoani, mama alikuwa hamuulizi ni wapi. Aliingia ndani akatoka na koti la baridi. Masika ilikuwa safari ya kulala njiani. Lori hukwama, abiria hushuka kusukuma, na mtu anayefuata karatasi moja hurudi nyumbani baada ya wiki. Kwetu sisi watoto, Sumbawanga ilikuwa mahali ambapo baba hurudi amechoka, koti linanuka moshi, na mfukoni ana barua yenye mhuri.

Leo basi linatoka Mpanda alfajiri, na jua likipanda uko Sitalike, kwenye daraja la Mto Katuma. Hapo simama kama unaweza. Kiangazi, maji yakipungua, viboko husongamana kwenye madimbwi kama mawe yaliyopangwa. Mmoja akijigeuza, kundi zima hulalamika. Katavi ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1974, mwaka uleule wa kuzaliwa Mkoa wa Rukwa, na leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Uhai wake wote unategemea Katuma na mbuga zinazolishwa na mto huo. Maji yakizuiwa huko juu kwa ajili ya mashamba, wa kwanza kujua ni kiboko.

Jina la hifadhi, na sasa jina la mkoa, ni jina la mzimu. Wabende wanamtaja Katabi, na karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju ambao watu wamekuwa wakiweka sadaka chini yake kumwomba mvua na heri. Nimeanza na mkwaju huo kwa makusudi. Mtu anayetoka kwenye mkoa ulioitwa kwa jina la mzimu hana sababu ya kupanda mlimani akiwacheka wenzake kwa imani zao.

Mji unaosema "tupa uchawi"

Maana hilo ndilo la kwanza utakaloambiwa ukiaga kwamba unakwenda Sumbawanga. Nchi nzima ina utani nao: radi zinazotumwa kwa mtu, ungo unaoruka usiku, mzee usiyepaswa kumkatalia jambo. Nimeusikia utani huo Dar es Salaam, nimeusikia Dodoma, na kwa aibu nakiri kwamba nami nimewahi kuurudia.

Sikiliza jina lenyewe. Kwa Kifipa, sumba ni tupa, na wanga ni uchawi. Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Ni onyo kwa mgeni: unayeingia hapa, kama umebeba kitu cha kudhuru watu, kiache huko nje. Mji uliochagua kujiita hivyo ulikuwa unatangaza sharti la kuishi pamoja, na sisi tumelichukua tangazo hilo tukaligeuza kuwa hati ya mashitaka. Huko ndiko kunakoitwa kumsingizia mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Na masihara haya yana gharama. Kanda hii ya magharibi imewahi kuona wazee, wanawake hasa, wakiuawa kwa tuhuma za ushirikina. Utani unaofanya mji mzima uonekane wa wachawi unamzoesha mtu kuamini kwamba tuhuma ni ushahidi. Mtu wa Katavi au wa Rukwa anayelipenda eneo lake ana wajibu wa kukataa kucheka.

Kigoda cha Milanzi

Ufipa ilikuwa dola kabla mtu yeyote hajaja na ramani. Masimulizi ya Wafipa yanaanzia Milanzi, ufalme wa kale uliokuwa chini ya mlima Itweelele, si mbali na mji wa Sumbawanga wa leo. Yanasema kwamba mtawala wa Milanzi alikuwa ametoka kwenda kuwinda walipofika wanawake wageni watatu kutoka mbali. Aliyebaki nyumbani aliwapokea kwa heshima ya wageni, na mkubwa wao akakalia kigoda cha kifalme. Mtawala aliporudi alikuta kiti kimekwisha kukaliwa. Haikupigwa vita. Ukoo wa wanawake wale, Watwa, ukachukua utawala wa nchi, na Milanzi ikabaki na mlima wake na heshima ya mambo ya jadi. Baadaye ukoo huo ukagawanyika na kuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la Nkansi ndilo hilo tunalolitamka leo Nkasi, jina la wilaya ambayo basi letu lilikuwa linaipita, kwenye vijiji vya Paramawe, Kanazi na Chala.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliandika kitabu juu ya namna dola hiyo ilivyojengwa, kikatoka mwaka 1981. Kilichomvutia ndicho kinachonivutia mimi: jamii inayosimulia chanzo cha utawala wake kwa kisa cha ukarimu na makubaliano, wakati jamii nyingi duniani husimulia chanzo chao kwa kisa cha damu.

Vita navyo vilifika. Miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliokuwa wamevuka Mto Zambezi Novemba 1835 wakitokea kusini, walipanda mpaka uwanda huu. Zwangendaba alifia hapa Ufipa, mahali palipoitwa Mapupo. Kifo hicho kiliigawa Afrika Mashariki na Kati upya: baada yake watu wake walisambaratika, wengine wakarudi kusini kuelekea Zambia na Malawi za leo, wengine wakaishia Songea, na kundi lao la Watuta likashuka kaskazini kuelekea Unyamwezi. Mtoto wa Songea anayejifunza asili yake angepaswa kulijua jina la Ufipa kama anavyolijua la Afrika Kusini.

Mwaka 1880 Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka 22, alipita Ufipa na kufika kwa Kapufi, mfalme wa Nkansi. Akaliona Ziwa Rukwa pia, akalipa jina la mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo la Leopold limekufa. La Rukwa linaishi.

Lungu kwenye shamba la mahindi

Kitu kilichonitoa nyumbani kwa kweli ni chuma. Katika wilaya ya Nkasi, mzee mmoja mwenyeji alikubali kunipeleka kuona lungu. Alinipokea kwa kupiga makofi taratibu, magoti yameinama kidogo, salamu ya heshima ya huku, nami nikamwitikia "Shikamoo, mzee" nikahisi shikamoo yangu imekuwa fupi.

Tulitembea kwenye vishoroba vya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Lungu lilikuwa katikati ya shamba, limesimama peke yake, limenizidi urefu. Ni mnara wa udongo, mpana chini, unaopungua kadiri unavyokwenda juu, wazi kileleni. Upande mmoja ulikuwa umemomonyoka kwa mvua. Chini kuna matundu kuuzunguka mnara wote, na tundu moja kubwa kuliko mengine, kama mlango. Niliingiza kichwa. Ukuta wa ndani ulikuwa mweusi, umeiva kwa moto mpaka unang'aa kama chungu kilichopakwa rangi. Miguuni kwetu yalitapakaa mavi ya chuma, mabonge mazito yenye mapovu. Nilipookota moja, mzee akasema, "Hilo lirudishe lilipokuwa. Wakija wanafunzi waone."

Hivi ndivyo lilivyofanya kazi. Wafua chuma walichagua mahali penye mawe ya chuma, kuni na kichuguu, kwa sababu udongo wa kichuguu hustahimili moto. Jamaa wote, wake kwa waume, walishirikiana kulijenga. Ndani walipanga kuni mbichi, mkaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Kwenye matundu ya chini walipachika mirija ya udongo. Kisha waliwasha, na hapo ndipo penye maarifa yenyewe: hawakuvukuta. Urefu wa mnara ulivuta hewa wenyewe, kama bomba la moshi la kiwanda, moto ukajilisha kwa siku kadhaa bila mkono wa mtu. Uwanda wenye upepo wa kutosha ulikuwa fundi mwenzao.

Kilichotoka kwenye lungu kilikuwa bonge la chuma ghafi lenye taka. Likapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na huko sasa mivukuto ilifanya kazi ya kulisafisha. Baada ya hapo mhunzi alilifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi hiyo ilikuwa na dawa zake, miiko yake na kapu lake la vitu vya siri. Lungu lilichukuliwa kama bibi harusi, na waliolihudumia walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, maana kilichokuwa kikitungwa mle ndani kilikuwa mtoto.

Majembe ya Ufipa yalikwenda mbali kwa biashara na kwa mahari. Lakini majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa madukani wakati wa ukoloni, malungu yakazimika, na kufikia katikati ya karne iliyopita kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Mwanaakiolojia wa Tanzania, Bertram Mapunda, aliyeichunguza Nkansi kwa shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1995, alionyesha kwamba eneo hili lilikuwa na teknolojia za chuma zaidi ya moja, na kwamba malungu yalitanguliwa na njia nyingine. Maana yake ni kwamba watu hawa walikuwa wakijaribu, wakibadili na kuboresha, kizazi baada ya kizazi. Hiyo ndiyo maana ya uhandisi.

Nilimuuliza mzee nani analitunza lungu lile. Akanionyesha kwa kidevu matuta yaliyolizunguka. "Mwenye shamba. Akilima, analizunguka. Akifa yeye, sijui."

Udongo unaolishwa

Matuta hayo nayo yana hadithi. Uwanda wa Ufipa hauna misitu mingi, kwa hiyo mkulima wa huku hakuweza kutegemea majivu ya miti kama wa nchi jirani zenye miombo. Akabuni njia yake, intumba. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi hulimwa pamoja na udongo wake, zikageuzwa na kufunikwa kuwa vilima vidogo vya duara. Nyasi zikaoza ndani, maharage yakapandwa juu. Msimu unaofuata vilima huvunjwa, mbolea ikasambazwa, ulezi ukapandwa. Wataalamu wa leo wanaotembea na neno "mboji" vijijini wamelikuta limetangulia kufanyiwa kazi Ufipa.

Si ajabu basi kwamba Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika ile mikoa minne mikubwa ya kulisha taifa. Mahindi yaliyoliwa Mpanda, Tabora na kwingineko mengi yalitoka kwenye udongo huu wa mwinuko, uliolishwa nyasi kwa karne nyingi.

Madaraka yaliyopanda na kushuka

Tuliingia Sumbawanga mchana, upepo ukipuliza vumbi jekundu. Mji umekaa kwenye uwanda, na mashariki yake imeinuka milima ya Mbizi, inayozidi mita 2,000. Sokoni nilikuta maharage ya kila rangi yamemwagwa kwenye maturubai, ulezi kwenye debe, na mitumba ambayo kwetu Mpanda hainunuliki: makoti, soksi nzito, kofia za sufu. Nilinunua sweta. Mwuzaji akacheka, "Umetoka bondeni, kaka?" Sikuwa nimemwambia.

Mji huu wa juu una tabia moja kwenye historia: mambo makubwa yalianzia ziwani, kisha yakapanda kuja kwake. Utawala wa Wajerumani ulijenga boma Bismarckburg, ndiyo Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Chini ya Waingereza makao ya wilaya ya Ufipa yakaja kuwa Sumbawanga. Kanisa Katoliki nalo lilianzia ufukweni. Karema, iliyo leo kwenye Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ilikuwa ngome ya Wabelgiji iliyojengwa na Kapteni Cambier mwaka 1879. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadri Weupe. Hapo ndipo alipofika mwaka 1889 Adrian Atiman, mtoto wa Sudan Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akawatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Jimbo likaitwa Karema. Mwaka 1969 likabadilishwa jina na kuwa Jimbo la Sumbawanga.

Baadaye mkondo ukageuka. Mwaka 2000 Mpanda ikapata jimbo lake. Machi 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Wakati wa sensa ya mwaka ule mkoa ulikuwa na watu 564,604; sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Katika miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili. Wengi wa wenzetu hawa wapya, na watoto wote waliozaliwa baada ya 2012, hawana kumbukumbu ya kwenda mkoani Sumbawanga. Hawana koti la baba linalonuka moshi. Kwao Sumbawanga ni mji wa jirani, na kwa wengine ni ule utani tu.

Nilijivunia Katavi ilipozaliwa, na bado najivunia. Mama mjamzito na mwalimu mwenye madai hawahitaji tena kupanda mlima. Ila mkoa unapogawanywa, mafaili hugawanywa na magari hugawanywa, historia haigawanyiki. Karema ni ya Katavi kwenye ramani na ya Ufipa kwenye kumbukumbu. Watuta walipita kotekote. Mpaka wa mwaka 2012 haujafuta lolote kati ya hayo.

Ukingoni

Siku ya mwisho nilipanda Mbizi. Msitu wake ni kiraka cha kijani kilichong'ang'ania milima iliyo wazi, na ndani yake wanaishi mbega wekundu. Chemchemi zake huunywesha mji. Ukivuka msitu na kwenda mashariki, ardhi inakwisha ghafla. Unasimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yako, karibu mita 1,000, limetandazwa Bonde la Rukwa na ziwa lake, lenye rangi ya bati lililochakaa. Wingu lilikuwa chini yangu. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini watu waliokaa hapa walisimulia kwamba mtu wao wa kwanza alitoka mbinguni.

Kwa msafiri mwenye siku zaidi, Maporomoko ya Kalambo yako kusini, mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Upande wa Zambia, karibu na maporomoko hayo, wanasayansi walitangaza mwaka 2023 kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja yana umri wa takriban miaka 476,000, kazi ya mikono ya zamani kabla ya binadamu wa aina yetu. Ufundi katika nchi hii haukuanza jana.

Neno kwa mwenye kupanda na mwenye mamlaka

Anayetaka kwenda, aende kati ya Juni na Oktoba, barabara za vijijini zikiwa kavu na viboko wa Sitalike wakionekana vizuri. Juni na Julai baridi ni kali. Apande basi la asubuhi ili hifadhi aipite kwa mwanga. Akitaka kuona lungu, aanze kwenye ofisi ya kijiji, aombe ruhusa ya mwenye shamba, asiokote kitu.

Kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mengi ya malungu yaliyosimama yalitumika baada ya hapo, kwa hiyo ulinzi wake unahitaji tangazo la waziri mwenye dhamana. Litolewe. Halmashauri za Nkasi na Sumbawanga ziyahesabu malungu yote yaliyobaki, kila moja liwekewe uzio na paa la nyasi, na mwenye shamba anayelizunguka kwa jembe lake alipwe kifuta jasho. Udongo hausubiri bajeti. Kila masika inaondoka na sehemu ya ukuta.

Na kwa walimu wa Katavi: tunawapeleka watoto hifadhini kuona viboko, jambo jema. Mwaka huu basi la shule lisigeuzie Sitalike. Liendelee mpaka juu, watoto waingize vichwa kwenye lungu, waone ukuta mweusi, wajue kwamba babu zao waliyeyusha mawe kwa upepo. Kila mtoto abebe sweta.